Grisi Isiyofika

Pikipiki ya marehemu baba yangu ni Honda CB250 ya mwaka 1971. Aliinunua mwaka 1978 kwa mhandisi wa shamba moja la mkonge karibu na Muheza, bwana ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha na aliyekuwa akiuza kila alichokuwa nacho, kuanzia jokofu hadi mbwa. Baba alikuwa karani wa mizani shambani hapo. Mbwa hakumtaka. Pikipiki aliilipa kwa mafungu matatu, na fungu la mwisho alilipeleka kwa baiskeli usiku wa kuamkia safari ya yule bwana, mvua ikinyesha, kwa sababu hakupenda kubaki na deni la mtu anayevuka bahari.

Mwaka 1994 magoti yake yalipokataa kupiga kiki (starta ya umeme ilikwisha kufa zamani), alinikabidhi ufunguo mbele ya mama na kusema neno moja tu: “Itunze.” Nikasema nitaitunza. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa sekondari, na kwa muda wa miaka 23 pikipiki hiyo ilinichukua kati ya Muheza na Tanga mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Niliitunza. Hilo ndilo linalonifanya niandike habari hii, kwa maana niliitunza kweli, na bado ilitaka kutuua.

Msomaji asiyejua pikipiki anivumilie kidogo. Gurudumu la nyuma halishikwi moja kwa moja na fremu. Limeshikwa na mkono wa chuma wenye pande mbili, ambao kwa nyuma umebeba ekseli ya gurudumu, na kwa mbele umefungwa kwenye fremu kwa bolti moja ndefu inayopita kutoka upande hadi upande, nyuma kidogo ya injini. Mkono huo hupanda na kushuka juu ya bolti hiyo kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba, nazo shokapu mbili huuzuia usipande mno wala kushuka mno. Ndani ya bawaba hiyo, juu ya bolti, limevishwa bomba la chuma lililobanwa lisizunguke. Juu ya bomba ndipo zinapokaa bushi mbili, moja kila upande. Katika pikipiki yetu bushi hizo zilikuwa za plastiki ngumu yenye rangi ya kahawia. Kazi yote ya mkono kupanda na kushuka hufanyika hapo, kati ya bushi na bomba, katika nafasi isiyozidi unene wa karatasi.

Bawaba ya mlango ikilegea, mlango utakwaruza sakafu, basi. Bawaba hii ikilegea, gurudumu la nyuma huanza kujichagulia njia. Mnyororo uko upande wa kushoto. Ukiongeza mafuta huuvuta mkono upande huo, ukiachia mkono unarudi. Ukiingia kwenye kona, gurudumu la mbele linakwenda unakolielekeza na la nyuma linakwenda linakopenda. Nimepima baadaye: bushi zile zimeachana kama sentimita 20, na kutoka kwenye bolti hadi kwenye ekseli ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo ulegevu wa nusu milimita katika kila bushi, ambao mtu anaweza kuudharau, ukifika kwenye gurudumu umekuwa zaidi ya milimita 2. Hapo pikipiki imesimama. Ikiwa mwendoni na abiria nyuma, hesabu ni nyingine.

Aliyeuona ugonjwa kwanza ni baba, na hakuuona kwenye pikipiki. Ilikuwa masika ya mwaka 2011. Nilikuwa nimeingia uani jioni na udongo ulikuwa laini. Akaniita barazani.

“Hebu tazama alama za matairi yako.”

Nikatazama. Nilikuwa nimekuja moja kwa moja kutoka barabarani, na bado palikuwa na alama mbili zinazokwenda sambamba, zimeachana kwa upana wa kidole.

“Pikipiki yako inakwenda kama kaa, mwanangu.”

Nilidhani ananigombeza kwa kumharibia ua uliofagiliwa. Hata hivyo, kesho yake nilichukua spana, nikalegeza ekseli, nikalinganisha alama za pande zote mbili za mnyororo, nikakaza. Nikamwambia nimekwisha kutengeneza. Mvua iliyofuata alizitazama tena alama, hakusema kitu. Miaka miwili baadaye presha ya macho ilimfunga kabisa, akawa haoni alama wala ua. Lakini hakuacha kuuliza. Nikiizima injini tu utamsikia barazani: “Bado inakwenda kama kaa?” Nami hujibu, “Nimeitia grisi, baba.”

Na kweli nilikuwa naitia. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilichukua bomba la grisi, nikalifunga kwenye chuchu iliyo mwisho wa ile bolti ndefu, nikasukuma mpaka grisi mpya ikajitokeza pembeni ya nati. Nikaifuta kwa kitambaa. Kuna raha fulani katika kuiona grisi safi ikitoka, mtu anajiona ametimiza wajibu wake. Wenzangu walioacha pikipiki zao zikaozea mvuani nilikuwa nawasema, tena kwa sauti.

Lingine ni kwamba mwili huzoea. Kasoro inayokua kwa unene wa unywele kila mwezi haimgutushi aliyepanda. Bila kujua nilikwisha kujifunza kuegemea kulia kidogo, kupunguza mwendo lori linapokaribia, kutoachia mafuta ghafla. Nilisadiki kwamba barabara ya Pongwe ina upepo wa ubavuni, na niliwahi hata kuwaambia watu hivyo.

Mwezi wa nane mwaka 2017 nilikuwa nampeleka binti yangu wa pili chuoni Tanga. Alikuwa na miaka 20, na alikuwa na begi la nguo na ndoo yenye vyombo. Kabla ya Pongwe, kwenye kona, lori lililokuwa likija lilijaa upande wetu kidogo, nami nikafanya kile ambacho mwili wangu ulikuwa umejifunza kutokufanya: niliachia mafuta yote mara moja. Nyuma ikayumba kushoto, ikayumba kulia, na mara ya tatu tulikuwa tayari kwenye kokoto. Mimi nilichubuka viganja na goti. Yeye alivunjika mtulinga wa kushoto.

Hospitalini, mkono wake ukiwa umefungwa shingoni, nilikuwa nikimsimulia muuguzi habari za lile lori. Binti yangu alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema polepole, bila hasira, “Baba, ilianza kuyumba tangu kule nyuma. Nilidhani unajua.”

Alikosa mitihani ya vitendo ya muhula ule, ikabidi airudie mwaka uliofuata. Pikipiki ilikaa chini ya mwembe miezi minne. Mke wangu alitaka iuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na sikuwa na hoja ya kumpinga. Nilichoomba ni kwamba kwanza nijue. Kumwuzia mtu mwingine, hata kwa kilo, kitu kilichomvunja mwanangu bila kujua kwa nini kilimvunja, hilo lilinishinda.

Likizo ya Desemba nilimwita kijana mmoja fundi wa bodaboda. Alishika gurudumu, akalitikisa, akasema beringi za gurudumu zimekwisha. Tukanunua beringi, tukabadili. Gurudumu likatikisika vile vile. Simlaumu; kwenye pikipiki iliyofungwa kila kitu, ulegevu wa mahali pamoja hujionyesha mahali pengine, na shokapu zikiwa zimekaza mkono kwa juu huuficha uchakavu wa chini. Ilinibidi nitoe mnyororo, nitoe gurudumu, nitoe shokapu zote mbili, mkono ukabaki mtupu ukining'inia kwenye bolti yake. Nikaushika ncha, nikausukuma upande. Ukajibu: ko. Nikauvuta: ko. Baba alikuwa barazani, hatua kumi kutoka pale. Akageuza kichwa.

“Ndiyo hiyo,” akasema.

Bolti ilikataa kutoka siku tatu. Ilikuwa imeshikana kwa kutu. Niliilowesha kwa mafuta ya taa usiku na kuigonga asubuhi, nikiwa nimeweka kipande cha shaba kati ya nyundo na bolti ili nyuzi zisiharibike. Siku ya tatu ilisogea nusu sentimita kwa mlio wa kukoroma, na baada ya hapo ikatoka kwa ugonvi lakini ikatoka. Mkono ukaanguka mikononi mwangu. Bushi ya kushoto ilitoka vipande vinne. Ya kulia ilikuwa nzima ila tundu lake halikuwa duara tena, lilikuwa na umbo la yai. Bomba la chuma lilikuwa limelika kwa chini. Ukipitisha ukucha unakwama kwenye kingo kama unavyokwama kwenye ufa wa kikombe. Na pote palikuwa pakavu. Pakavu kabisa, vumbi jekundu tupu.

Sikuelewa. Bolti yenyewe ilijaa grisi safi, niliyoitia mimi. Nililichukua bomba nikaenda nalo kwenye mwanga, nikalitazama kwa muda mrefu kabla sijaona. Grisi ya kutoka kwenye chuchu huingia katikati ya bolti, ambayo ina uwazi ndani, hutoka kwa kitundu na kujaa kati ya bolti na bomba. Ili ifike kwenye bushi inapaswa kupita tundu jingine, lililotobolewa kwenye bomba, dogo kama punje ya mtama. Tundu hilo lilikuwa limezibwa na grisi ya kale iliyokauka ikawa kama kiwi cha viatu kilichosahauliwa wazi. Grisi yangu ilipokosa njia ilitambaa kando ya bolti, ikatokea mwishoni, nami nikaifuta kwa kitambaa na kuridhika. Bolti na bomba vimebanwa pamoja, havisogei hata kidogo. Kwa miaka 23 nilikuwa nikilainisha mahali pasiposogea, na pale palipokuwa pakisagana, sentimita moja kutoka hapo, hapakufika hata tone.

Nilifundisha miaka 34. Nadhani baadhi ya masomo yangu yalifika kwa mtindo huo huo, lakini hiyo si habari ya leo.

Nilimweleza baba. Aliomba alishike bomba. Akalipapasa kwa kidole gumba mpaka akaipata ile sehemu iliyolika, kisha akaniuliza tundu lilianza kuziba lini. Nikasema hakuna wa kujua, pengine ni zamani.

“Huenda tangu kwangu,” akasema. “Mimi pia nilikuwa natia, na sikufungua hata mara moja.” Akanirudishia bomba.

Bushi za kununua hazikupatikana. Nenda duka lolote la vipuri Tanga utakuta ukuta mzima wa vifaa vya pikipiki za bodaboda, za Kichina na za Kihindi, kwa bei ambayo hata mwanafunzi anaweza. Lakini kitu cha CB250 ukikitaja muuzaji hukutazama kwa huruma. Nikaelekezwa Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, kwa mzee mmoja mkerezaji aliyejifunza kazi katika karakana ya shamba la mkonge. Wenye umri wa kunikaribia mimi wanakumbuka karakana hizo. Nchi hii iliongoza dunia kwa mkonge, na mwaka 1964 ilitoa kama tani 230,000. Kila shamba lilikuwa na korona yake ya kukwangua majani, reli yake ndogo na matroli yake, na vyote hivyo vilikuwa na bushi na beringi za kukereza. Bei ilipoanguka kwa sababu ya kamba za plastiki, na mengine yaliyofuata, karakana nyingi zilikufa, na mafundi wake wakatawanyika mitaani na ujuzi wao mikononi.

Mzee yule aliipokea mabaki ya bushi zangu kiganjani kama mtu aliyepewa jino. Hakusema kitu juu ya plastiki. Alikwenda nyuma, akarudi na kipande kizito cha bronzi, bushi kuukuu ya korona, akakifunga kwenye mashine. Nilimwomba azifanye bushi zikaze sana kwenye bomba, kwa maana nilikuwa nimeuchukia ulegevu. Akatikisa kichwa.

“Mwalimu, ikikaza sana grisi itakaa wapi?”

Akanieleza kwamba bronzi ikishindiliwa ndani ya mkono hubanwa, na tundu lake hupungua kidogo. Kwa hiyo hakerezi tundu kwa kipimo cha mwisho akiwa nayo mkononi. Anazishindilia kwanza bushi zote mbili kwa jiriwa, kisha anapitisha chombo kirefu cha kukwangulia kinachozipitia zote kwa mara moja, ili matundu yatazamane sawasawa. Zikitofautiana mwelekeo hata kidogo, bomba litaegemea ukingo mmoja na kula huko tu. Ndani ya kila bushi alichonga mfereji mwembamba wa kuzunguka, wa kutembezea grisi. Bomba jipya alilitengeneza kwa fimbo ya shokapu ya lori, ambayo juu yake ni ngumu kama kioo, akaitoboa katikati kutoka ncha zote mbili. Badala ya tundu moja la grisi alitoboa mawili, moja chini ya kila bushi, tena mapana. Alinitoza shilingi 85,000, nami nililipa bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo si desturi yangu.

Nyumbani niliona bomba limezidi kidogo upana wa mkono. Lilichomoza labda unene wa karatasi mbili. Nikaona ni uzembe. Nikachukua tupa, nikalisawazisha vizuri hadi likalingana na ncha za mkono, nikafunga vyote, nikakaza nati. Mkono ukaganda. Haupandi, haushuki. Nikilegeza nati unacheza, nikikaza unaganda. Nilihangaika jioni nzima, kisha kesho yake nikarudi Ngamiani na mkono begani kama jembe.

Mzee alilipima bomba, akanitazama juu ya miwani.

“Mwalimu, umesahihisha jibu lililokuwa sahihi.”

Bomba, alisema, ndilo linalopaswa kubanwa na fremu, siyo mkono. Lazima lizidi kidogo ili nati ikikazwa kwa nguvu zote, nguvu hiyo iishie kwenye bomba na mkono ubaki huru. Likizidi mno mkono utateleza upande hadi upande. Likipungua, mkono wenyewe ndio utakaobanwa. Alitengeneza jingine. Nililipa tena, na safari hii niliomba nipunguziwe, akakataa.

Nilifunga mara ya pili mbele yake, kwa heshima. Nati ilipokazwa, mkono uliinuliwa ukaachwa, ukashuka wenyewe polepole, kama kope la mtu anayesinzia. Ukiusukuma upande haujibu. Nikafunga bomba la grisi kwenye chuchu nikasukuma, na grisi haikutokea kwenye nati. Nilisukuma tena na tena, nikaanza kuogopa, ndipo ikajitokeza pande zote mbili kwa mpigo, kwenye ukingo wa bushi, duara jembamba la rangi ya asali. Sikuifuta.

Mapema Januari 2018, baada ya kulinganisha magurudumu kwa uzi wa mshipi uliovutwa kutoka tairi hadi tairi, nilikwenda peke yangu hadi Pongwe alfajiri. Kwenye ile kona niliachia mafuta kwa makusudi, kwanza nikiwa na mwendo mdogo, kisha mkubwa zaidi. Pikipiki ilipunguza mwendo, basi. Barabara ya Pongwe haina upepo wa ubavuni.

Mke wangu hakuzungumza tena habari za kilo, wala hakusema kwamba amebadili mawazo. Siku moja ya masika mwaka huo niliingia uani asubuhi baada ya mvua kubwa. Binti yangu alikuwa nyumbani akijiandaa kurudi chuoni kurudia ile mitihani, na begi lake lilikuwa barazani karibu na miguu ya babu yake. Nilipozima injini baba hakuniuliza mimi.

“Mjukuu wangu,” alisema, “hebu nenda ukaniangalie. Alama ni ngapi?”

Alishuka uani, akakunja kanga isiguse tope, akainama. Alizifuata kutoka pale nilipoegesha hadi karibu na barabara, taratibu, kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka.

“Hapa alipokata kona ni mbili, babu.”

“Kwenye kona lazima ziwe mbili. Paliponyooka?”

“Moja.”

Baba akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia binti yangu kwamba kama yuko tayari ninaweza kumfikisha Tanga. Aliitazama pikipiki, akanitazama mimi, akatabasamu kidogo.

“Siku nyingine, baba,” akasema, na akalichukua begi lake kwa mkono wa kulia, akaenda kusubiri basi.